Nyambizi Yangu na Wale Watatu

Kamati ya maonesho ya wanafunzi ilinipa sharti moja mapema na jingine nikalipata asubuhi ya siku yenyewe, meza zikiwa zimeshatandikwa vitambaa. La mapema lilikuwa la urefu wa meza. La asubuhi lilikuwa hili: nyambizi ibaki, "imependeza kinoma", ila kile kibao chenye vijitu vitatu kando yake kiondolewe, kwa sababu kinaleta mambo ya huzuni na tuna wageni. Nikauliza kama kuna kosa lolote kwenye maelezo niliyobandika. Hakuna. Basi nikasema kama kibao kinaondoka, na nyambizi inaondoka. Zikaondoka zote mbili, na meza yangu ikapewa jiko la mkaa mbadala.

Tangu hapo nimeitwa mbishi, nimeitwa mtu wa drama, na kuna mmoja kantini aliniambia mbele za watu kwamba nashabikia Wanazi. Nimeona niandike mara moja, niache kujieleza kwenye foleni ya ugali.

Nianze na kitu chenyewe, maana wengi wanaonisema hawakukiona. Ni mfano wa nyambizi ya Kijerumani ya Vita Kuu ya Pili, aina iliyoitwa IXD2. Zile za kwenye filamu mara nyingi ni aina ya VIIC, ndogo zaidi, ambazo zilijengwa zaidi ya 500. Hii yangu ilikuwa jitu: urefu mita 87.58, upana mita 7.5. Ilibuniwa kwa safari ndefu, kutoka Ulaya kuzunguka kusini mwa Afrika mpaka Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu.

Watu wenye hela hununua boksi la kuunganisha, vipande vimeshachongwa, kipimo kimeandikwa juu: 1 kwa 72, 1 kwa 144. Mimi kipimo changu nilipewa na fundi bomba. Walikuwa wanabadilisha mabomba ya sinki bwenini kwetu, wakaacha kipande cha PVC cha milimita 50. Sasa, ndani ya nyambizi yoyote ya wakati ule kuna silinda nene ya chuma inayohimili mgandamizo wa maji, na watu wanaishi humo. Kwenye IXD2 silinda hiyo ilikuwa na kipenyo cha mita 4.4. Gawanya milimita 4,400 kwa 50, unapata 88 kamili. Nikachukua urefu wote wa chombo, nikagawanya kwa 88, ikaja sentimita 99.5. Mita moja kasoro nusu sentimita! Nilikuwa na sup ya termodainamikisi wiki ile na akili yangu yote ikahamia kwenye bomba.

Ila bomba ni bomba tu. Kinachoipa nyambizi umbo la meli ni bodi ya nje, ya bati jembamba, na katikati ya bodi hiyo na silinda kuna matangi ya maji na mafuta. Hapo nilikwama karibu wiki mbili, najaribu kuzungushia manila kwenye bomba, inajikunja kama chapati. Mwenzangu wa chumba ni Mpemba, kwao wanaishi na bahari. Alikuwa ananitazama tu kutoka kitandani. Siku moja akasema, "Wewe wajenga bomba au wajenga chombo? Chombo huanza na mkuku." Akashuka, akanichorea kwenye daftari langu: mkuku chini, mataruma yanapanda pande zote mbili kama mbavu, ndipo mbao zinafuata. Kozi yangu ni uhandisi mitambo, nina miaka mitatu ya michoro ya kompyuta, na aliyenifundisha kujenga bodi ni mtu wa Kiswahili na Isimu.

Mataruma nilikata kwenye vifuniko vya ndoo za rangi, 22 jumla. Juu yake manila, niliilowesha supagluu mpaka ikawa ngumu kama plastiki. Omo na tezi ni mbao ya paini, nimechonga kwa wembe na msasa. Bodifila ya kuziba mabonde nilinunua kwa fundi wa magari nje ya geti, akanipimia kwenye kifuniko cha soda. Mzinga wa sitahani ni spoku ya baiskeli. Halafu yale matundu. Ukiangalia picha za nyambizi za Kijerumani utaona ubavu umetobolewa safu kwa safu. Yana kazi: nafasi ya chini ya sitaha lazima ijae maji haraka chombo kinapozama, hewa ikibaki humo kinang'ang'ania juu. Nilitoboa mia na kitu kila upande, kwa sindano niliyoichomeka kwenye kalamu, nyingine kwa mwanga wa simu maana umeme ulikuwa umekatika. Mtu akiniuliza nilipata nini usiku ule, sina jibu la kwenye CV. Nilikuwa na furaha, basi.

Ubavu mmoja nimeuacha wazi, nikalikata bomba dirisha refu, ili ndani kuonekane. Na hapo ndipo mchezo ulipoanza kubadilika.

Topido ya Kijerumani ilikuwa na kipenyo cha milimita 533. Kwa 88 ni milimita 6, mrija wa soda. Aina hii ilibeba mpaka 24. Basi kata mirija 24, kila mmoja sentimita 8, uitafutie mahali, nyingine ndani ya bomba, nyingine chini ya sitaha. Weka injini mbili kubwa za dizeli, na mbili ndogo za mwendo wa kawaida, na mota za umeme, na betri chini ya sakafu. Halafu weka watu. Mtu wa mita 1.7 kwa kipimo changu ni milimita 19, kipande cha njiti ya kiberiti. Nyambizi niliyoichagua ilikuwa na watu 66. Nilikata njiti 66, nikazimwaga mezani, nikaanza kuziingiza moja moja kwa kibano cha nyusi nilichoazima. Kufika arobaini nikawa sijui pa kuweka.

Tunajua kubebana sisi. Wapo wanaosoma hapa ambao sasa hivi ni wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu na msimamizi wa bweni hajui. Lakini kule walibebana kwa miezi: mmoja akiamka kwenda zamu, mwingine analala kwenye joto lake, topido ziko jirani na kichwa. Choo nacho kilikuwa hadithi. Nyambizi moja ya aina ile ndogo, U-1206, ilipotea Aprili 1945 karibu na Scotland kwa sababu ya choo. Mfumo wake ulikuwa mgumu, ukatumiwa vibaya wakiwa chini, maji yakaingia yakafika kwenye betri, gesi ya klorini ikatoka, ikabidi waibuke mbele ya adui. Mabweni yetu yana shida zake lakini hatujafika huko.

Nasema haya kwa sababu anayeiangalia kwa nje huona samaki wa chuma, mlaini, wa kutisha, mzuri. Ndiyo, mzuri. Sitadanganya. Ukimaliza kupiga msasa omo ile na kupaka rangi ya kijivu, moyo unajaa. Ukiingia ndani unakuta bomba la maji machafu lenye vijana. Na bomba lenyewe halikuwa na ubavu wa kukaa chini sana: kwa noti 4 aina hii ingeenda maili za baharini 57 hivi chini ya maji, halafu betri kwisha. Kutoka Dar kwenda Unguja kwa mwendo wa kutembea, na kurudi ukaishie njiani. Muda mwingi ilikuwa meli ya juu ya maji yenye uwezo wa kujificha kidogo.

Sasa kuhusu namba. Mfano wa nyambizi lazima uuchagulie namba, maana hakuna mbili zilizofanana kabisa, kila moja na matundu yake na mnara wake. Wapenzi wengi wa mifano huchagua za mashujaa: kapteni mwenye nishani, mnara uliochorwa ng'ombe dume au samaki anayecheka. Mimi nilichagua U-852 kwa sababu ya kijinga tu, kwamba iliishia Somalia na nilitaka kitu cha karibu na nyumbani. Nilijua kwamba Mei 1944 ndege za Kiingereza aina ya Wellington kutoka Aden ziliishambulia mpaka ikashindwa kuzama, ikakwama ufukweni, wenyewe wakailipua, na mabaharia waliobaki hai wakatekwa, kikosi cha ngamia cha Somalia kikiwamo kwenye kazi hiyo. Stori tamu. Nilimsimulia mwenzangu usiku, naye akauliza swali la kawaida kabisa: "Kabla ya kufika Somalia ilifanya nini?"

Nikasoma, sasa kwa kumjibu yeye.

Iliondoka Kiel Januari 1944, kapteni akiwa Heinz-Wilhelm Eck, safari yake ya kwanza ya kivita kama kamanda. Usiku wa Machi 13, katikati ya Atlantiki, ilipiga topido meli ya mizigo ya Kigiriki, Peleus. Meli ikazama upesi. Kati ya mabaharia 35, Wagiriki wengi, na Waingereza, Wachina, Wamisri, baadhi walifanikiwa kushika maboya na vipande vya mbao. Mpaka hapo ni vita, unaweza kusema. Lakini Eck aliogopa kwamba asubuhi ndege zitayaona mabaki na kujua nyambizi iko jirani, na aina yake ilikuwa nzito kuzama. Akaamuru mabaki yafutwe. Maboya yalipigwa bunduki za rashasha na mabomu ya mkono, kwa saa kadhaa, gizani, watu wakiwa juu yake. Watatu waliookolewa walikaa baharini zaidi ya mwezi mmoja mpaka meli ya Kireno ilipowaokota.

Ndege aliyoiogopa ilimkuta hata hivyo. Na alipokwama Somalia, kumbukumbu za safari hazikuangamizwa, zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Kesi ilisikilizwa Hamburg Oktoba 1945. Eck na maofisa wake wawili walipigwa risasi Novemba 30 mwaka ule. Mmoja wa hao wawili alikuwa daktari wa chombo.

Niliposimulia hayo mwenzangu hakusema kitu muda mrefu. Shangazi yake alikuwemo kwenye Spice Islander, Septemba 2011, ile iliyozama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba. Aliokoka kwa kushika godoro mpaka asubuhi. Sikujua, tunakaa chumba kimoja mwaka wa pili huu na sikujua. Akasema, "Basi wale waliokuwa majini mbona hukuwaweka?" Hakunikemea. Aliuliza kama alivyouliza habari ya mkuku: chombo chako kina upungufu hapa.

Kesho yake nilikata kibao cha sentimita 3 na njiti tatu.

Nimeulizwa, na watu ninaowaheshimu, kwa nini nisiache kabisa. Kwa nini mtoto wa Kitanzania atumie wiki kumi na moja kutengeneza silaha ya Hitler kwa mikono yake mwenyewe? Si ungejenga jahazi? Si ungejenga Liemba? Jahazi nitajenga, inshallah, mwalimu ninaye. Ila Liemba, jamani. Liemba ni Graf von Götzen, ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande ikaunganishwa Kigoma, ikawa manowari ya Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua. Wazee wetu wamepanda silaha ile na magunia ya dagaa. Chuma hakina aibu, kinabeba chochote. Ukisema tusiguse kitu chochote kilichotengenezwa na watu wabaya, utabaki na kazi nyepesi ya kutojua kinavyofanya kazi.

Na mimi nataka kujua kinavyofanya kazi. Ndiyo fani yangu. Hapo ndipo huyu Lenz anaponikosesha usingizi, kuliko Eck.

Hans Lenz alikuwa mhandisi mkuu wa U-852. Usiku ule, amri ilipotolewa, alimwambia kapteni wake kwamba hakubaliani nayo. Alisema. Ni jambo kubwa, kwenye jeshi lile, mwaka ule. Kapteni akamjibu kwamba ameshaamua. Lenz akarudi kwenye kazi zake. Na baadaye usiku uleule, Lenz huyohuyo alichukua bunduki kutoka kwa askari mmoja akapiga yeye mwenyewe. Mahakamani alieleza kwamba askari yule alimwona hafai kuachiwa kazi kama ile. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado siielewi vizuri, na naogopa siku nitakayoielewa. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Ninaweza kukuonesha njiti yake. Zile 65 hazina majina kwangu, ila ya Lenz naijua. Mwanzo niliiweka kwenye chumba cha injini, mahali pa mhandisi, kati ya dizeli mbili. Baada ya kusoma nikaitoa kwa kibano nikaipandisha mnarani, nje. Ilinichukua saa nzima na nilivunja reli.

Kwa hiyo yule wa kantini namjibu hivi. Ningekuwa shabiki ningefanya alichotaka mwenye kamati: nyambizi safi mezani, rangi ya kijivu, taa kwa juu, watu wapige selfi. Hiyo ndiyo sifa. Mfano uliokamilika kila tundu halafu ukakosa waliokuwa mbele ya mdomo wa bunduki ni tangazo la kiwanda. Nimeona picha nyingi za mifano ya watu wenye mikono kuliko mimi, mpaka kutu imepakwa kwa brashi ya unywele mmoja, na bahari ya plastiki chini yake ni tupu, buluu, imetulia. Kazi yao naivulia kofia. Bahari yao siiamini.

Wala sitaki muelewe kwamba nawaona wale 66 kama mashetani wa njiti. Katika Wajerumani wapatao 40,000 waliotumika nyambizini vita vile, kama 30,000 hawakurudi. Wengi walikuwa umri wetu. Wengi wa U-852 hawakupiga risasi usiku ule. Walikuwa chini, ndani ya bomba, wakisikia. Hilo nalo nilitaka lionekane, ndiyo maana ubavu uko wazi. Ukiinama kwenye dirisha langu unaona wanaosikia, ukiinuka unaona wanaosikiwa. Ukikitoa kibao, walio ndani wanakuwa wamejazana tu, kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili.

Kamati naielewa kwa upande mmoja. Wageni walikuja na wadhamini, na mdhamini hataki kupiga picha na maiti. Ila maonesho yale yaliandikwa bango kubwa "Uhandisi kwa Maisha". Nilidhani kibao changu ndicho kitu pekee ukumbini kilichokuwa kinauliza swali hilo. Hatufundishwi mahali pengine. Miaka mitatu nimefanya mitihani ya mgandamizo, ya mnyumbuko wa chuma, ya uchovu wa metali. Hakuna hata swali moja la alama mbili linalouliza mhandisi afanye nini akishasema "sikubaliani" na bosi akasema "nimeshaamua". Tunaenda field, tunarudi, tunaajiriwa kwenye mabwawa, migodi, meli za abiria. Meli za abiria! Wanaosaini kwamba chombo kinafaa kusafiri ni watu wa fani yangu.

Kazi haijaisha. Reli niliyoivunja bado, periskopu moja imepinda, na ile kishada ya kupanda mtu, Fa 330, helikopta isiyo na injini ambayo nyambizi hizi ziliivuta kwa kamba ili mlinzi aone mbali, nimeijaribu mara nne kwa waya wa simu inagoma. Nyambizi mwenza, U-177, iliitumia Agosti 1943 upande wa Madagaska, ikaona meli, ikaizamisha. Nitaitengeneza tu.

Ipo juu ya kabati, bweni la wavulana la zamani, ghorofa ya pili, mlango wenye stika ya Azam. Anayetaka kuiona aje jioni, mchana tupo darasani. Akikuta sipo amwombe mwenzangu, yeye huwaanzishia wageni kwenye kibao, ndipo anawaonesha chombo. Msiguse mnara, gundi ya Lenz haijashika vizuri.